Mbao za paleti, rangi na karatasi: mazungumzo ya kikundi cha majirani, Kibokoni, Mombasa

Mama Faiza: Assalaam aleikum, jamaa wa mtaani. Godauni moja huko Shimanzi linatoa bure paleti zilizochakaa, yale majukwaa ya mbao ya kuwekea shehena, kwa yeyote atakayezibeba, na mwenye mkokoteni ameshaniletea kadhaa hapa uani. Shule zimefungwa, nami ningependa watoto wajifunze kutengeneza rafu ndogo ya vitabu, fremu za picha na sinia la chai, yaani vitu ambavyo mtu asiyewahi kushika msumeno anaweza kuvianza. Mjomba Omari, wewe ndiye fundi wetu. Ninunue rangi gani?

Fundi Omari: Waaleikum salaam, mwanangu. Rangi isubiri kwanza. Paleti ni mbao zilizosafiri na shehena usiyoijua, kwa hiyo anza kwa kuzikagua. Tazama vigogo vya pembeni, utaona muhuri uliochomwa au kupigwa kwa wino. Ndani yake mna mchoro wa suke la ngano, herufi mbili za nchi, nambari, kisha herufi zinazoeleza jinsi mbao zilivyotibiwa ili zisibebe wadudu kutoka nchi moja hadi nyingine. Ukikuta HT, mbao hizo zilitiwa joto mpaka kiini chake kikafikia nyuzi 56 kwa dakika 30, bila dawa yoyote, nazo zinafaa. Ukikuta MB, zilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi yenye sumu. Hizo usiziingize nyumbani, wala usizitumie kuwa kuni.

Mama Faiza: Nyingi zina herufi KE na HT. Moja haina muhuri wowote, na nyingine ina HT lakini imeingiwa na doa kubwa jeusi linalonuka mafuta ya mashine.

Fundi Omari: Yenye doa uirudishe. Muhuri hueleza matibabu ya mbao peke yake, hauelezi kilichomwagika juu yake baadaye, na mafuta yaliyokwisha kuzama katika ubao hayatoki kwa sabuni wala kwa msasa. Hata rangi haitashika hapo. Isiyo na muhuri huenda haikuwahi kuvuka mpaka, lakini kwa kazi itakayoshikwa na watoto mimi huiacha. Kagua pia kama kuna mbao zilizobunguliwa: ukiona vitundu vidogo na unga laini unaodondoka ukigonga, wadudu wangali wamo, na watahamia kwenye kitanda chako.

Salim: Shikamoo, Mjomba. Mimi ninao mtaimbo, ninaweza kuja jioni kuzibomoa zote.

Fundi Omari: Marahaba, Salim. Njoo, lakini mtaimbo uuache nyumbani. Misumari ya paleti ina mikunjo kama ya skrubu, hivyo ukiing'oa kwa nguvu mbao nyembamba hupasuka kwenye ncha, na hizo ndizo mbao tunazozihitaji. Chukua ubapa wa msumeno wa chuma, uupenyeze kati ya ubao na kigogo, ukate misumari papo hapo. Vichwa vya misumari vitabaki ndani ya ubao. Mimi hupendelea vibaki, kwa sababu vinashikilia vizuri na alama yake nyeusi inapendeza kwenye fremu, ila kila kichwa kigongwe kizame chini ya uso wa ubao kabla ya kupiga msasa, la sivyo kitararua karatasi ya msasa na vidole vya mtoto.

Shangazi Zuhura: Na mimi nina neno. Nimehifadhi ubao wa dirisha la zamani la nyumba ya marehemu mama, mti wa mvule, wenye rangi ya buluu iliyopasuka-pasuka. Ninataka uwe fremu, na sitaki rangi hiyo iondolewe. Uzuri wote uko pale. Je, nipige msasa kidogo tu ili iwe laini?

Fundi Omari: Shangazi, hapo nakuomba sana usipige msasa mkavu. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto kuliko watu wazima, kwa kuwa huathiri ubongo unaokua. Mvule nao, hata usio na rangi, vumbi lake huwasha pua, macho na ngozi, na wanaouranda kila siku wanalijua jambo hilo. Mbao zako zifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, vipande vilivyolegea uvibandue vikiwa vimelowa, uvifunge katika karatasi na kuvitupa, halafu uache ubao ukauke kivulini. Baada ya hapo upake vanishi angavu mara mbili. Buluu itabaki na mipasuko yake, nayo itakuwa imefungiwa. Fremu hiyo itundike juu, mahali ambapo mjukuu hataifikia kwa meno.

Shangazi Zuhura: Nimekuelewa. Nilikuwa nimeshanunua msasa, basi nitampa Mama Faiza.

Mama Faiza: Ahsante sana, Shangazi. Mjomba, msasa wa namba gani unatosha?

Fundi Omari: Anza na namba 80 kuondoa vibanzi, ufuate 120, umalizie na 180. Kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Watoto wafungie msasa kwenye kipande bapa cha mti na wausukume kufuata nyuzi za ubao, kamwe wasikate kati yake, kwani mikwaruzo ya kukata nyuzi haionekani mpaka rangi ipakwe. Wafanyie kazi hiyo uani, wakiwa wamevaa barakoa. Hapa ndipo kazi ilipo, mwanangu; mtu akiharakisha msasa ili aifikie rangi, rangi itamfichua. Kisha futeni vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na msubiri mbao zikauke.

Mama Faiza: Na sasa rangi?

Fundi Omari: Sasa rangi. Kwa watoto tumieni rangi ya maji, kwa sababu brashi huoshwa kwa maji ya bomba na haina harufu kali ya tapentaini. Mbao nyingi za paleti ni msonobari, nao una vifundo vyenye utomvu ambavyo, kwa joto letu, hutoa madoa ya manjano hata juu ya rangi nyeupe. Pakeni kila kifundo vanishi ya shelaki kwanza. Halafu rangi nyepesi mara mbili ni bora kuliko nzito mara moja. Pakeni asubuhi, si magharibi, maana hewa ya baharini hujaa unyevu usiku na rangi hubaki ikinata.

Mwalimu Rehema: Naomba niongeze juu ya karatasi, kwa kuwa sinia ndilo linalonivutia. Uso wa sinia unaweza kufunikwa kwa picha za kalenda za zamani, ramani, au kurasa za magazeti. Changanyeni gundi nyeupe ya mbao na maji, sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji, mpake ubao, mlaze karatasi na kuisukuma kwa kidole kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, kisha mpake gundi hiyohiyo juu yake. Karatasi ikivimba malengelenge msiwe na wasiwasi, mengi hujivuta yenyewe inapokauka. Jambo moja linalowasumbua wengi: picha zilizotolewa kwa printa ya wino wa maji huchuruzika mara tu gundi inapozigusa. Zipelekeni dukani zikatolewe kivuli kwa mashine ya fotokopi, ambayo hutumia unga badala ya wino, nazo hazitachuruzika.

Salim: Mwalimu, gazeti si litageuka manjano?

Mwalimu Rehema: Litageuka, na upesi zaidi likikaa kwenye jua, kwa kuwa karatasi ya gazeti hutengenezwa na mti uliosagwa pamoja na vitu vinavyobadilika rangi kwa mwanga. Mimi ninaipenda rangi hiyo ya chai. Asiyeipenda atumie karatasi ya kalenda. Vyovyote iwavyo, sinia lisubiri siku nzima likauke, ndipo lipakwe vanishi mara tatu. Vikombe na sahani viwekwe juu yake bila shida, ila mahamri yasiwekwe moja kwa moja juu ya vanishi.

Mama Faiza: Faiza anauliza kuhusu bakuli la karatasi ambalo huumbwa bila mti.

Mwalimu Rehema: Mwambie achukue bakuli la kawaida, alipake mafuta ya nazi kwa nje, alifunike kwa vipande vya gazeti vilivyochanwa kwa mkono, kwani kingo za kuchana hulala vizuri kuliko za mkasi. Uji wa unga wa ngano unafaa kuwa gundi, lakini kwa unyevu wa Mombasa huota ukungu upesi. Awe anabandika tabaka mbili kwa siku na kulianika juani, asiendelee mpaka lile la chini limekauka kabisa.

Shangazi Zuhura: Mmesahau ukuta. Nyumba zetu hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na msumari ukipigwa hutoka na kipande cha ukuta.

Fundi Omari: Kweli, Shangazi, na rafu ya vitabu ni nzito. Msipige msumari. Nitakuja Jumamosi baada ya alasiri, inshallah, na keekee yangu. Tutatoboa polepole bila kugonga, mahali penye jiwe na si penye chokaa, tutie vizibo vya plastiki vya kushika skrubu, kisha tufunge kwanza kipande kirefu cha mti ukutani chenye skrubu nne, na rafu ikae juu ya kipande hicho, ili uzito ugawanyike. Mama Faiza, nitafutie skrubu za inchi tatu zilizopakwa zinki, kwa sababu za chuma kitupu zitashika kutu hapa kabla ya mwaka kwisha na kuacha mchirizi ukutani.