Naomba ushauri: Jumamosi tunaenda kisiwa cha Mbudya na wenzangu wa chuo, nina wasiwasi kidogo

Mgeni wa Changanyikeni
Wakuu shikamooni. Mimi natoka Kenya, niko hapa Dar kwa masomo, mwaka wa pili. Juzi tumemaliza UE, mitihani ya mwisho wa muhula, tukakaa kwa muuza chipsi pale nje, mmoja akasema tu, "Jumamosi twendeni Mbudya." Chipsi hazijaisha, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa na mimi nimefanywa mweka hazina. Tuko sita.

Naomba kujua boti zinapatikana wapi, kiingilio kikoje kwa mtu wa nje, na kama huu mwezi wa saba bahari ni salama. Pia kama kuna upande wa kile kisiwa ambao maji hayana kina, nitashukuru. Ni wasiwasi kidogo tu.

Mzee wa Kunduchi
Marahaba. Boti za Mbudya zinaondokea huku kwetu Kunduchi. Ukienda Slipway kule Masaki utapelekwa Bongoyo, kisiwa kingine, wengi wanachanganya. Ni mwendo wa robo saa hivi. Kisiwa kipo chini ya Maeneo Tengefu tangu 1975, kiingilio ni cha serikali, dai risiti. Mwananchi na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo beba vitambulisho vyako vyote.

Saa hizi ni kusi. Asubuhi panakuwa shwari, mchana upepo unaamka na kurudi mtalowa. Angalieni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Ijumaa jioni. Wakisema mawimbi ya mita mbili, lala nyumbani.

Chausiku wa Coco
Mbudya ya nini jamani, samaki bei kama unamnunua na ukoo wake. Njooni ufukwe wa Coco, mihogo ya kukaanga na pilipili, mnaingia bure, mnarudi na daladala.

Baba Watatu
Ndiyo maana mnafeli. Mzazi anauza ng'ombe huko, mtoto anapanda boti. Boom, hiyo pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka mnajiona wabunge, likiisha mnaanza "baba nimeibiwa simu".

Mgeni wa Changanyikeni
@Baba Watatu mimi ni mgeni, boom silipati. Hiyo pesa nimeipata kwa kuchapa kazi za watu steshenari usiku.
@Mzee wa Kunduchi asante sana mzee wangu. Kwa hiyo upande wenye maji mafupi ni upi?

Dada wa Kimara
Mdogo wangu, ngoja. Unaulizia kina cha maji mara ya pili sasa, na huo "wasiwasi kidogo" umeuweka mpaka kwenye kichwa cha habari. Kuogelea unajua?

Mgeni wa Changanyikeni
Kuogelea si shida kubwa dada. Shida ni upepo.

Dada wa Kimara
Sijakuuliza ukubwa wa shida. Unajua au hujui?

Kipara Tegeta
Nimekaa paleeee na karanga zangu.

Mgeni wa Changanyikeni
Sawa. Mimi ni wa Eldoret. Huko kwetu ni milimani, maji niliyowahi kuingia ni ya mto Sosiani, nayo hadi kiunoni. Bahari nimeiona kwa mara ya kwanza hapa Dar, kupitia dirisha la mwendokasi pale Kivukoni.

Sasa mwaka juzi tulipofika, watu waliniuliza "wewe Mkenya wa Mombasa?" Nikasema ndiyo, Likoni. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza Eldoret ni wapi, na sikujua itafika mbali. Juzi mezani wakasema, basi tuna mtoto wa pwani, atatufundisha kuogelea. Kuna dada mmoja wa Dodoma kwenye kozi yetu, yeye ndiye ameshikilia hilo kabisa. Amesema bila mimi haingii majini.

Kabla hamjaanza: boti nimeshalipia nusu, na miwani ya kuogelea nimenunua Kariakoo. Ijumaa naenda kwa bwawa la hoteli moja kujifunza. Nina saa kama tatu hivi. Video nimeangalia nyingi, mikono naijua, bado kupumua tu.

Kipara Tegeta
"Bado kupumua tu" 😂😂😂 mbavu zangu

Dada wa Kimara
Yaani hujui kuogelea, halafu unakwenda kumshika mtu mwingine asiyejua, baharini, wakati wa kusi. Waambie leo. Andika kwenye hilo kundi lenu sasa hivi.

Mgeni wa Changanyikeni
Dada, nikisema leo safari inavunjika na nusu ya boti hairudi. Na si kwamba nitampeleka kwenye kina. Tutakaa pale maji yanafika magotini, namuonyesha mikono.

Nahodha Mstaafu
Mimi naomba niseme kidogo. Mwaka 1998 nilikuwa kijana wa Msasani, naogelea kama kambare, tukaingia Coco maji yakiwa yanatoka. Unasimama maji ya kifuani, unacheza mpira, unageuka kuangalia nguo zako, nguo ziko mbali. Hujasogea wewe, mkondo umekusogeza. Nikaanza kupiga mikono kurudi pwani, napiga, mwembe niliouwekea alama uko palepale. Aliyeniokoa ni mzee wa ngalawa, alinipigia kelele, "Acha kushindana! Kata pembeni!" Nikafuata ufukwe badala ya kuukabili, nikatokea mbali kule, nikatapika maji na chapati za asubuhi. Mpira hatukuupata.

Na Skagit mnakumbuka, ilizama Julai 18, 2012, imetoka hapa Dar kwenda Unguja, upepo wa hii hii kusi. Ile ilikuwa meli.

Chausiku wa Coco
Nahodha, Coco kuna mwembe?

Nahodha Mstaafu
Mkungu basi. Mti ni mti.

Mjukuu wa Bibi Tandale
Wakuu mbona mnahangaika, hii ni chai, tena ya maziwa. Mkenya anajua UE, anajua boom, anajua Changanyikeni, bahari ndiyo hajui? Halafu tazameni: kauliza boti tu, na dakika chache Mzee wa Kunduchi kajaa na maelezo kama kipeperushi. Huyu na yule ni mtu mmoja, ana boti, anatafuta wateja wa wikiendi.

Mzee wa Kunduchi
Kijana, mimi nina mashua ya kuvulia na inavuja. Abiria wa nini?

Kipara Tegeta
Kumbe! Tulianza kuchangishana mawazo, kumbe tunauziwa tiketi.

Mgeni wa Changanyikeni
Nimekaa hapa karibu miaka miwili, nisijue boom? Kila siku nakopwa na watu wanaolisubiri. Mtu atume PM nimuonyeshe kitambulisho cha chuo.

Mdigo wa Horohoro
Ngojeni nimpime. Mimi Mombasa naenda kila mwezi, natokea Tanga, navuka Lunga Lunga. Mleta mada, pale Likoni ukivuka feri kwa miguu unalipa shilingi ngapi? Jibu haraka bila kugoogle.

Mgeni wa Changanyikeni
Hamsini?

Mdigo wa Horohoro
Wa miguu halipi hata senti. Wanaolipa ni wenye magari. Huyu ni wa Eldoret kweli, nimeridhika. Ila na wewe ujue, rafiki zako wakikutana na mtu yeyote aliyepita Likoni, umekwisha.

Mjukuu wa Bibi Tandale
Angeweza kukosea makusudi.

Mzee wa Kunduchi
Nimjibu mtoto wa watu, nyie endeleeni. Upande wa magharibi, unaotazama huku Kunduchi, ndio wenye mchanga na maji yaliyotulia. Mashariki ni mawe na bahari kuu, msiende hata kupiga picha. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri, kwenye saa kumi hivi. Hapo ulipoacha magoti asubuhi utakuta shingo. Jaketi okozi zihesabu kabla boti haijasukumwa, ziwe sita, na uvae mpaka kamba za chini. Usikubali "zipo kule mbele".

Dada wa Kimara
Na yule wa Dodoma umwambie.

Mgeni wa Changanyikeni
Nimefikiria. Nitasema daktari amenikataza kuingia majini, sikio. Nitakaa mchangani nawaelekeza kwa mdomo. Jaketi nitavaa, nitasema ni sheria kwa wageni.

Dada wa Kimara
Basi naye avae, na asipite magoti. Nimechoka na wewe.

Chausiku wa Coco
Kocha wa nchi kavu.

Mgeni wa Changanyikeni
Swali la mwisho wakuu: samaki mmoja mkubwa pale, watu sita wanatosheka?

Mzee wa Kunduchi
Kolekole mkubwa na chipsi sahani tatu, ndiyo. Patana bei akiwa bado mbichi.

Kipara Tegeta
Jumapili tunataka mrejesho. Na picha ya sikio.