Naombeni ushauri: "-est" ya Kiingereza inatamkwaje?

Mguu wa Mlima: Habari zenu wakuu. Najifunza kuongoza watalii hapa Moshi na mwezi ujao nina usaili wa kuongea. Sarufi naimudu, shida ni matamshi. Nikisema "Kilimanjaro is the highest mountain in Africa", mkufunzi ananikatisha: "Siyo haiesti!" Ila haelezi niseme vipi. Wajuzi, nisaidieni.

Teacher Pwani: Mkuu, chanzo ni hiyo "i" unayoiongeza mwishoni. Maneno yetu huishia na irabu, basi mdomo unajiongezea. Ukishaiweka, mkazo nao unahamia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo kawaida ya Kiswahili, unaangukia "-es-". Kwenye Kiingereza mkazo haubanduki kwenye neno la msingi: HAI-ist, BIG-ist, DIIP-ist. Hiyo "ist" ni fupi na nyepesi, isishindane na kilichotangulia.

Mguu wa Mlima: Ahsante sana mwalimu. Na "longest" je? Ziwa Tanganyika lazima nilitaje.

Mwana Kigoma: Hapo pana mtego. "Long" peke yake inaishia na ng' ya ng'ombe. Ikipata "-est" inakuwa ng ya ngoma: LONG-gist. "Strongest" na "youngest" vilevile. Sauti zote mbili tunazo tangu utotoni, kwa hiyo hapo sisi tuna nafuu kuliko wengi.

Kaka Mbuyu: Mnampa presha bure. Watalii wengi Kiingereza nao wamejifunza shuleni. Akisema "haiest" kwa e kamili, nani hatamwelewa?

Teacher Pwani: Kuhusu e nakubaliana nawe, ndugu. Mkazo ndio asiuachie, maana ukihama msikilizaji anaweza kulikosa neno zima. Kuna jambo lingine: neno linalofuata likianza na konsonanti, hata wenye lugha huidondosha "t" wakiongea haraka: HAI-is mauntin. Likianza na irabu, "t" inalirukia: "deepest in Africa" inasikika DIIP-is-tin. Jirekodi kwenye simu ukisema hizo sentensi mbili, huku ukigonga meza kwenye HAI na DIIP tu.

Mguu wa Mlima: Nimejaribu sasa hivi. Nikigonga meza, ile "i" ya mwisho haiji kabisa. Naendelea na "largest", niweze kulieleza Ziwa Victoria.

Teacher Pwani: LAA-jist. Vuta hiyo "aa".