Kanywa bia isiyo na kilevi, kalewa. Inawezekana?

KauntaMwanza: Wakuu, nakaa kaunta kwenye baa hapa Mwanza. Juzi umeme ulikatika, mhudumu akapapasa kwenye friji akampelekea mteja wetu mzoefu bia zile zisizo na kilevi. Chupa zinafanana, na yeye lebo hasomagi. Akachangamka vilevile kama kawaida yake. Kuagizia wenzake akashindwa: anataja supu, ndizi, akifika kwa mtu wa tatu kasahau wa kwanza. Bili ilipokuja akabisha hajaagiza mishkaki. Nisaidieni, kuamini tu kunavuruga kichwa?

Mnywa_Chai: Huyo hajalewa, anakwepa bili. Nawajua.

Binti_Saikolojia: Mnywa Chai usimhukumu haraka. Wellington, New Zealand, watafiti Assefi na Garry waliwapa wanafunzi soda ya toniki tupu, nusu yao wakaambiwa ina vodka. Matokeo yalitoka 2003: walioamini wamekunywa vodka walibebwa zaidi na maelezo ya uongo kuhusu tukio walilooneshwa, na bado walijiamini kuliko wenzao. Kwa hiyo kubishia mishkaki kwa kujiamini, hilo linawezekana bila tone la pombe.

Ila kuchanganya oda ni jambo jingine. Ile ni kumbukumbu ya papo kwa papo, unashika vitu kichwani huku unavifanyia kazi. Kuipima, mtu anatajiwa 7, 4, 9, 2 azirudishe kinyumenyume. Hapo pombe yenyewe inaumiza kweli, maana inapunguza nguvu ya kushikilia na kupanga. Imani peke yake siwezi kuipa lawama zote. Baa ina muziki, watu wanne wanaongea kwa mpigo, hata mimi ningepotea.

Mnywa_Chai: Kwa hiyo hata uchangamfu ni wa imani?

Binti_Saikolojia: Sehemu yake. Marekani mwaka 1973 mtafiti Marlatt na wenzake waligundua walioamini wanakunywa vodka walikunywa zaidi, iwe imo au haimo. Mzoefu anajua akifika chupa ya pili anatakiwa aweje.

KauntaMwanza: Nimekusoma dada. Kuanzia leo oda za meza ile naandika, namsomea mwenyewe kabla hazijaenda jikoni. Na zile chupa nimezihamishia friji ya soda.