Mwanangu ataka upadre: je, useja ni amri ya Mungu au sheria ya Kanisa?

Baba wa Changamwe:

Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwenu nyote msio wa imani yetu. Mwanangu wa pekee amemaliza kidato cha nne na anataka kuingia seminari ili awe padre wa jimbo. Mimi sina pingamizi, lakini nyumbani hapakaliki. Mama yangu, Mkamba aliyelelewa katika desturi ya jina la babu kumrudia mjukuu, ananiuliza ni nani atakayepewa jina la marehemu baba yangu ikiwa kijana huyu hataoa. Jirani yangu Mwislamu, ambaye tumekaa naye baraza moja kwa miaka mingi, huniambia kwa upole kwamba kwao ndoa ni nusu ya dini, na kwamba haelewi vipi jambo alilolihalalisha Mungu limzuie mtu kuhudumu madhabahuni. Nilipotaka kumjibu niligundua kuwa ninachojua ni kwamba mapadre hawaoi, sababu siijui. Je, useja uliamriwa na Kristo mwenyewe? Na ni kweli kwamba chini ya sheria hiyo imefichwa imani kuwa tendo la ndoa ni uchafu?

Katekista Mstaafu, Likoni:

Milele na milele, amina. Mzee mwenzangu, swali lako la kwanza lina jibu la wazi: useja wa mapadre ni sheria ya Kanisa, si fundisho la imani. Petro alikuwa na mkwe, naye Yesu alimponya homa (Marko 1:30), na Paulo anamwandikia Timotheo kwamba askofu awe mume wa mke mmoja. Hata hivyo, Kristo alizungumza pia juu ya wanaojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, akasema awezaye kulipokea neno hili na alipokee (Mathayo 19:12). Kwa mwaliko huo wapo waliokaa bila kuoa tangu mwanzo, lakini kutoka mwaliko hadi sheria palipita karne nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 4, maaskofu waliokutana Elvira, Hispania, waliwataka makasisi wenye wake wajizuie, na ni Mtaguso (yaani mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, ulioitangaza ndoa ya padre kuwa batili. Sitaki kukuficha kwamba mashamba nayo yalikuwamo katika hesabu, kwa kuwa padre mwenye watoto aliweza kuwarithisha mali ya parokia kana kwamba ni yake.

Wakatoliki wengi wa hapa Pwani hushangaa wakisikia kwamba wako mapadre Wakatoliki wenye wake. Wamaroniti wa Lebanoni na Wakatoliki wa Kigiriki wa Ukraina wanamtii Papa kama sisi, na kwao mwanamume aliyekwisha kuoa anaweza kupewa upadre, ingawa akishapewa daraja hawezi kuoa tena, na maaskofu hawawi na wake. Mwaka 2019 Sinodi ya Amazonia iliomba wanaume wenye ndoa wapewe upadre katika maeneo ya mbali yasiyo na mapadre. Waraka wa Papa Fransisko uliofuata Februari 2020 haukuligusa ombi hilo.

Jirani wa Majengo:

Mimi si yule jirani wa baraza, ila ningeweza kuwa yeye. Sura ya Al-Hadid, aya ya 27, inautaja utawa ambao wafuasi wa Isa waliuzua wenyewe kwa kutafuta radhi za Mungu, kisha hawakuuchunga ipasavyo. Nikiisoma kwa uadilifu, aya hiyo hainiruhusu kuikejeli nia yao. Swali langu liko katika maneno ya mwisho. Sheria hii inapovunjwa gizani, ni nani anayemlea mtoto anayezaliwa?

Mama Semina ya Wachumba:

Ndugu yetu wa Majengo ameuliza linalotuuma. Mwaka 2019 Vatikani ilikiri kwamba inao mwongozo wa ndani kuhusu mapadre waliozaa, na kwamba la kwanza kuzingatiwa ni haki ya mtoto. Ninaona aibu kwamba mwongozo wa namna hiyo uliwekwa kabatini, kwa maana mtoto si siri ya ofisi.

Kuhusu uchafu, Baba wa Changamwe, Kanisa halifundishi hivyo, lakini waliodhani hivyo hawakuota. Mtakatifu Agostino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliitetea ndoa kuwa njema na papo hapo akaitilia shaka tamaa hata baina ya mume na mke, na Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwalaani waliokana kwamba ubikira na useja ni bora kuliko ndoa. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1965 ili Mtaguso wa Pili wa Vatikano uandike waziwazi kwamba matendo ambayo kwayo mume na mke huungana ni mema na ya heshima, na baadaye Papa Yohane Paulo wa Pili akatumia katekesi zake za Jumatano kwa miaka mitano kuufafanua mwili kama zawadi. Katika semina zetu wachumba husikia zaidi makatazo ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1968 kuhusu uzazi wa mpango, na hayo ya zawadi tunayapitia mbio mbio kabla ya chai. Hilo ni kosa letu sisi wafundishaji. Padre hakatazwi mke kwa sababu mke ni najisi; ndoa ni sakramenti sawa na upadre wake.

Mwambie bibi pia kwamba kijana hafungwi kesho. Masomo ya falsafa na teolojia huchukua miaka sita au zaidi, na ahadi ya useja hutolewa kabla ya ushemasi, daraja linalotangulia upadre, ambao hapewi mtu asiyetimiza miaka 23. Akiondoka kabla ya hapo hajavunja ahadi yoyote.

Baba wa Changamwe:

Nimewashukuru. Nimemsomea mama yote haya baada ya chakula cha usiku. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hao Wamaroniti wana seminari karibu na Mombasa.

Katekista Mstaafu, Likoni:

Mwambie mama kwamba Mlatini, yaani Mkatoliki wa Kanisa la Magharibi kama sisi, hahamii Kanisa la Mashariki kama la Wamaroniti bila ruhusa ya Roma.