Nimegundulika na kisukari, naombeni ushauri kwa sisi wa barabarani

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 43, ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Wiki tatu zilizopita, baada ya kiu isiyoisha na kuamka kukojoa kila saa, nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula: 14.2. Kesho yake wakarudia, 13.8. Daktari akasema ni kisukari aina ya pili, akanianzishia metformini ya miligramu 500, asubuhi na jioni pamoja na chakula.

Dawa nameza, ingawa siku za mwanzo tumbo lilinisumbua sana. Kazi ipo kwenye kula. Nyumbani mke wangu ameshaacha sembe, anasonga dona, tena kidogo, na mboga za majani ndizo zimejaa sahani. Namshukuru mno. Lakini nikishapita Chalinze ni chipsi, wali na soda mpaka mpakani. Pale kwenye foleni unaweza kukaa siku kadhaa, umekaa tu kwenye kabini. Nitembee wapi niache mzigo wa watu?

Na linaloninyima usingizi: bosi sijamwambia. Naogopa atanipokonya gari, na watoto wawili wako sekondari.

Wenye hali hii mnaosafiri, mnabeba chakula gani kisichochacha njiani? Mnapima mara ngapi kwa wiki, maana vile vijiti vya kupimia bei yake inauma? Na bosi nimwambieje?