Nitapataje mipaka halisi ya umbo lililozungushwa la SVG (aina ya picha inayochorwa kwa maelezo ya mistari na maumbo)?

Zabibu_Hombolo: Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, naandika programu ya JavaScript ya kupanga lebo za chupa za juisi ya zabibu kwenye karatasi ya stika, mashine ikate bila kupoteza nafasi. Nikizungusha jani au duaradufu, getBBox(), amri ya kupata mstatili unaolizunguka umbo, inarudisha vipimo vilevile vya mwanzo. getBoundingClientRect() nayo inanipa mstatili mkubwa mno, lebo zinaachana na karatasi inaisha upesi. Karatasi ni ya mteja, naona uchungu kuitupa. Nifanyeje?

Kizota_Dev: Mkuu, getBBox() inapima kwenye vipimo vya umbo lenyewe, kabla transform yake (agizo la kulizungusha au kulisogeza) haijaligusa. Ile nyingine mara nyingi huchukua mstatili huohuo, huuzungusha, kisha huchora mwingine kuzifunika pembe zake nne. Duara la nusu kipenyo 50 ukilizungusha nyuzi 45 linabaki na upana wa 100, ila kwa njia hiyo utaambiwa 141. Mimi nachukua pointi nyingi za ukingo kwa getPointAtLength(), nazipitisha kwenye matriksi (jedwali la namba linalozungusha pointi), natafuta ndogo na kubwa. Inatosha.

Alizeti_Singida: Kwa kazi ya kukata haitoshi, ndugu yangu. Pointi za kuokoteza karibu kila mara zinaishia ndani kidogo ya ukingo, kwa hiyo kisu kinagusa mchoro. Duaradufu ina jibu kamili: nusu ya upana ni kipeuo cha pili cha a²cos²θ + b²sin²θ, ambapo a na b ni nusu ya upana na nusu ya urefu kabla ya kuzungusha, na θ ni pembe uliyozungusha. Kwa nusu ya urefu, badilisha nafasi za cos na sin. Mfano a=100, b=50, nyuzi 30: upana ni kama 180.3. Kwa pembe za mstatili ungepata 223.2. Hiyo tofauti ndiyo karatasi unayotupa.

Mwl_Hesabu: Nakubaliana na wa Singida. Jani lina mikunjo ya Bezier (kila mmoja huongozwa na pointi nne, P0 hadi P3), na uzuri wake ni huu: ukipitisha pointi nne za mkunjo kwenye matriksi, umeupitisha mkunjo mzima. Kwa hiyo anza na matriksi, pima baadaye. Usiridhike na mstatili wa pointi hizo nne, maana zile mbili za kati kwa kawaida haziko kwenye mkunjo. Tafuta mahali x inapogeuka (hapa P0 hadi P3 ni x za pointi hizo, a na b si zile za duaradufu, na t ni nafasi kwenye mkunjo, 0 mwanzo na 1 mwisho):

a = −P0 + 3P1 − 3P2 + P3
b = 2(P0 − 2P1 + P2)
c = P1 − P0

Tatua at² + bt + c = 0, ukiangalia a isiwe sifuri (ikiwa sifuri, t = −c/b, kama b si sifuri). Chukua t zilizo kati ya 0 na 1 tu, kokotoa x zake, linganisha na za ncha mbili za mkunjo. Rudia kwa y, kila kipande cha njia.

Zabibu_Hombolo: Asante sana mwalimu, asanteni wote. Na unene wa mstari wa pembeni?

Mwl_Hesabu: Hesabu hizo hazijaugusa. Kama umezungusha tu, ongeza nusu ya unene kila upande. Lakini jani lina ncha kali, na stroke-miterlimit (kikomo cha ncha ya mstari kuchomoza kwenye kona) ya kawaida ni 4, hivyo ncha inaweza kuchomoza hadi mara mbili ya unene wa mstari. Weka stroke-linejoin (umbo la kona za mstari) iwe round, yaani ya mviringo, nusu ya unene itatosha.