Mjadala: Dakika 20 za kusoma kimya kwenye kipindi cha Kiingereza, ni kufundisha au mwalimu kajipumzikia?

Wakuu, naleta hoja tuijadili bila matusi. Kuna walimu wa Kiingereza wa haya madarasa ya katikati, watoto wa miaka 11 mpaka 14, wanaoanza kipindi kwa kuwaacha watoto wasome kimya dakika 15 au 20, kila mtu na kitabu alichojichagulia. Sasa mkuu wa shule au mzazi akipita dirishani akaona darasa limetulia tuli na mwalimu naye kainamia kitabu, anaondoka anasema huyu hafundishi. Swali langu: zile dakika zibaki au zifutwe?

Mimi nasema zibaki, ila kwa sharti, nitalifikia.

Kwanza tuulizane zikifutwa kinaingia nini. Mara nyingi inaingia kusoma kwa zamu, mmoja anasimama anasoma aya yake kwa sauti, anakaa, anafuata wa pembeni yake. Nenda kakae nyuma ya darasa uangalie. Mtoto wa sita kwenye mstari anahesabu vichwa halafu anahesabu aya, akishajua ya kwake ni ipi anaipitia kimoyomoyo mara tatu asije akachekwa, zile tano za wenzake hata hazisikii, na akishamaliza zamu yake basi kazi ya leo imeisha anachora magari nyuma ya daftari. Anayesoma taratibu ndo balaa kabisa, akikwama kwenye enough nusu darasa linamtajia kabla hajafumbua mdomo. Darasa la watoto 40, kipindi cha dakika 40, piga hesabu mwenyewe kila mmoja kasoma dakika ngapi.

Pili kuna suala la ugumu wa kitabu. Watafiti wa lugha Hu na Nation mwaka 2000 walionyesha kwamba ili mtu asome hadithi aielewe vizuri bila msaada anatakiwa awe anajua kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Yaani ukurasa wa maneno 300, asiyoyajua yasizidi 6. Sasa kitabu kimoja kwa darasa zima kitawatosha wangapi? Kuna anayekutana na maneno mageni 30 kwa ukurasa na kuna mwingine anapiga miayo. Na kule Fiji, watafiti Elley na Mangubhai waliwamwagia watoto wa shule za vijijini vitabu vingi vya hadithi za Kiingereza, Kiingereza kwao ni lugha ya pili, matokeo yakachapishwa 1983: wale watoto waliwapita wenzao waliobaki na mtindo wa kawaida, na mwaka wa pili faida ikaonekana mpaka kwenye kuandika. Walikuwa wadogo kidogo kuliko hawa tunaowazungumzia, nalijua hilo kabla hamjanirukia.

Sharti lenyewe: akimaliza kusoma aandike. Sio ile fomu ya jina la mwandishi, wahusika, funzo tulilopata, hiyo mtoto anainakili kwa jirani dakika mbili. Aandike mistari minne mitano kwa Kiingereza chake mwenyewe, nani kafanya nini na yeye analionaje, na mwalimu amjibu palepale chini. Nancie Atwell, yule mwalimu wa Marekani aliyepata Global Teacher Prize 2015, alikuwa akiandikiana barua na wanafunzi wake kuhusu vitabu wanavyosoma. Leteni hoja.

chaki_mkononi: Mkuu umeongea vizuri ila umeruka kitu kikubwa. National Reading Panel, jopo la wataalamu wa kusoma la Marekani, mwaka 2000 walipitia tafiti wakasema hazijathibitisha kwamba kuwahimiza watoto wasome kimya wenyewe kunaongeza ufasaha wa kusoma. Kilichoonyesha matokeo ni kusoma kwa sauti kwa kuongozwa na kurudiarudia. Halafu mimi niko darasani, nawajua hawa. Kuna kijana Jumatatu yuko ukurasa wa 12, Alhamisi yuko 12, ila kurasa anafunua kila ukimwangalia, tena ana kasi nzuri tu ya kufunua. Wanaosoma kweli ni walewale ambao hata nyumbani wangesoma. Mnyonge unampa dakika 20 za kuigiza kila siku.

Mleta mada: Mwalimu nakuelewa. Ila ushahidi hautoshi ni kitu kimoja, haifanyi kazi ni kitu kingine. Na walichokisifia ni mtoto asome, arekebishwe, arudie kifungu kilekile mpaka kitiririke, sio hii ya kila mtu aya moja kwaheri. Huyo wa ukurasa wa 12 mistari yake mitano ingemtaja siku ya kwanza, ndo maana nimesema bila kuandika hata mimi sizitetei hizo dakika.

mzazi_wa_wawili: Samahanini naingilia, mimi sio mwalimu. Haya madaftari mnayoyasifia ndo yananikera. Wangu kaandika he go to the house and he see, ukurasa mzima, mwalimu kajibu eti na mimi huyo kaka wa kwenye hadithi alinichosha, na kalamu nyekundu hakuna. Sasa atajua lini kama kakosea?

Mleta mada: Mama, kwa hilo hata wataalamu wenyewe wametwangana ngumi. Truscott 1996 alisema kusahihisha sarufi kwenye maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii na kuachwe kabisa, Ferris akamjibu 1999 kwamba amekwenda mbali mno, kuna usahihishaji unaosaidia. Mimi niko na Ferris. Ila hilo ni daftari la kusomea, insha ina daftari lake. Mwalimu aokote kosa moja linalojirudia, hilo he go, kesho alifundishe darasa zima dakika tano, insha ikija ndo alidai.

chaki_mkononi: Hapo tuko pamoja. Naongezea mama, Graham na Perin 2007 walikusanya tafiti za uandishi kuanzia darasa la 4 mpaka la 12, wakakuta kufundisha kanuni za sarufi peke yake hakujaboresha uandishi, ila kuunganisha sentensi kunasaidia. Naandika ubaoni sentensi tatu: It was raining. The boy was tired. He kept walking. Nawaambia nipeni moja. Mmoja anaanza na although, mwingine and and and, tunabishana ipi inasomeka. Ila mleta mada hujajibu kitu, vitabu viko wapi? Kabati langu lina vitabu nusu havina majalada, hao 40 watachagua nini?

Mleta mada: Hapo sina ubishi, bila vitabu hakuna kuchagua, na mimi kwenye hali hiyo singeng'ang'ania. Gawa makundi ya wanne wanne, maandishi yaleyale mafupi, mmoja abashiri, mmoja aulize, mmoja afafanue pagumu, mmoja afupishe kwa maandishi, halafu wabadilishane. Mtindo huo umetokana na wa watafiti Palincsar na Brown, 1984: watoto wa darasa la saba waliokuwa wanasoma bila kuelewa walipokezana kuongoza mazungumzo kwa mbinu hizo nne, na walipanda.

chaki_mkononi: Basi nitakupa dakika 10, sio 20, na nisikae mezani na kitabu changu kama unavyotaka, napita nainama kwa wawili watatu wananisomea kwa sauti ya chini. Huyo wa ukurasa wa 12 naanza naye.

Mleta mada: 10 nachukua. Ila ziwe mwanzo wa kipindi, ukiziweka mwishoni kila siku zitaliwa na kengele.

mzazi_wa_wawili: Na huyo kaka aliyemchosha mwalimu mimi nataka kujua alifanya nini, maana wangu hataki kunisimulia anasema nikasome mwenyewe.